Gari la juu si lazima liwe na nafasi: dhana potofu kuhusu SUV na sedani

Ingia kwenye yadi ya magari yaliyotumika, Dar es Salaam au Mombasa, useme unatafuta gari la familia. Utapelekwa kwenye SUV, yaani gari la juu lenye buti lililoungana na chumba cha abiria, hata kabla hujaulizwa una watoto wangapi. Wengi tunaamini gari la juu ndilo pana na ndilo linalostarehesha, na sedani, gari la chini lenye buti lililotengwa, ni ya anayejibana. Kwa imani hiyo watu wanaongeza mamilioni ya kununulia, kisha wanalipia mafuta zaidi kila wiki, kwa ajili ya nafasi ambayo mara nyingine haipo. Inaniuma, kwa sababu ni jambo ambalo mtu anaweza kulipima mwenyewe kwa kukaa tu.

Dhana: SUV ni kubwa kwa nje, kwa hiyo ndani ni ndefu zaidi

Urefu wa chumba cha abiria unategemea sana umbali uliopo kati ya tairi la mbele na la nyuma, yaani urefu wa msingi. Kimo cha gari hakiongezi umbali huo. Premio, sedani ambayo wengi huiita gari dogo, ina milimita 2,700. SUV ya Mazda CX-5 ya matoleo mawili ya kwanza ina karibu 2,700 vilevile. Harrier ya toleo la 2013, nayo SUV, ina 2,660, yaani imepitwa na Premio. Na Mark X, ambayo ni sedani, ina 2,850, sawasawa na Land Cruiser 200. Land Cruiser inaizidi Mark X kwa upana na kwa kimo, na mabega ya abiria watatu wa nyuma yataiona tofauti hiyo mara moja. Lakini urefu wa msingi ni uleule.

Umbali huo nao haumalizi hadithi. Kwenye SUV unakaa wima, miguu ikishuka chini, kwa hiyo mwili wako unatumia urefu mdogo wa gari. Kwenye sedani kiti kiko karibu na sakafu na miguu inanyooka kwenda mbele, inadai sentimita nyingi zaidi. Ndiyo maana Camry iliyoingia sokoni Marekani kama toleo la 2018 na RAV4 ya 2019, zilizojengwa kwa muundo wa familia moja, zinakaribiana sana kwa nafasi ya miguu ya nyuma: sentimita 96.5 kwa Camry na 96 kwa RAV4, ingawa msingi wa Camry ni mrefu zaidi kwa milimita 135. RAV4 inashinda juu ya kichwa, kwa karibu sentimita 4. Mtu mrefu wa kiwiliwili aichukue RAV4 bila kusita. Mrefu wa miguu hana sababu ya kuidharau Camry.

Usinunue kwa namba za karatasi pekee. Rekebisha kiti cha dereva kikufae wewe, kisha nenda ukae nyuma yake. Magoti yakigusa, hakuna namba itakayoyatoa hapo.

Dhana: gari la viti saba linabeba watu wazima saba

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Prado ina chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi), na sakafu imekaa juu yake. Ukifika mstari wa tatu, sakafu iko juu na paa haliwezi kupanda tena, basi kiti kinawekwa chini karibu kabisa na sakafu. Mtu mzima akikaa pale, magoti yanamjia kifuani na mapaja yanabaki hewani. Uzito wote unakaa kwenye makalio. Mtoto wa miaka minane hatalalamika. Shangazi akikaa pale hadi Moshi atashuka akiwa hawezi kunyoosha mgongo. Na viti hivyo vikifunguliwa, nafasi ya mizigo inabaki ya mabegi machache, wakati watu saba ndio wenye mizigo mingi.

Kama ni kweli kila wiki mnasafiri watu saba, Noah inawafaa kuliko SUV nyingi za ukubwa wa kati. Sakafu yake iko chini, mlango unateleza, na mstari wa tatu una kiti cha kukalia kweli. Najua haina heshima ya Prado pale nje ya ukumbi wa harusi, lakini mgongo haujui hilo.

Dhana: gari la juu linatuliza barabara mbovu

Kuwa juu kunalinda tumbo la gari lisikwaruze tuta. Starehe ni suala jingine. Kadiri unavyokaa juu, ndivyo kichwa kinavyoyumba kushoto na kulia tairi moja linapoingia shimoni. Prado ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja: tairi la kulia likirushwa, la kushoto linapata habari. Jimny ina ekseli za namna hiyo mbele na nyuma, na msingi wake mfupi unafanya pua ipande na kushuka kwenye kila tuta. Sedani ya Crown inaacha kila tairi la nyuma lijitegemee, na kwenye lami ya Dar hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, abiria wake watafika wakiwa wamechoka kidogo tu. Barabara ya makorongo ya vijijini ni ya SUV. Hapo Crown haitafika.

Tazama pia matairi. Yenye ukuta mrefu wa mpira yanameza mitetemo. Rimu kubwa zenye mpira mwembamba, ambazo vijana wanazipenda, zinaipeleka mitetemo yote kwenye kiti.

Anayekaa katikati, na mzee anayeingia

Mark X na Crown nyingi zinasukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inapita katikati na kuinua sakafu. Mtu wa tatu anatanua miguu safari nzima. SUV nyingi za ukubwa wa RAV4 zina sakafu tambarare zaidi, na kiti chake kiko karibu na usawa wa nyonga. Kwa bibi mwenye magoti mabovu huo ni ushindi mkubwa wa SUV: anageuka na kukaa, hazami wala hapandi. Prado tena imezidi, anahitaji ngazi.

Dhana: buti la sedani ni dogo, basi halifai

Buti la Camry hiyo ni kama lita 428. RAV4 ina zaidi ya mara mbili, ikihesabiwa hadi darini. Kwa friji au godoro, sedani haina la kusema. Lakini mzigo uliorundikwa hadi darini unaziba kioo cha nyuma, na breki ya ghafla inauleta vichwani mwa watoto. Tena sato wa Mwanza kwenye SUV anasafiri chumba kimoja na nyinyi. Kwenye sedani ana chumba chake.

Dhana: kiti laini ndicho kizuri

Kiti kinachozama kinapendeza dakika kumi za kwanza. Baada ya saa mbili, kinachokubeba ni sponji ngumu kiasi, inayofika karibu na goti na kujaza uwazi wa kiuno. Na kwenye gari lililotumika, laini hiyo mara nyingi ni sponji iliyokufa. Bonyeza kiti cha dereva, kisha cha abiria wa mbele. Kama cha dereva kinazama zaidi, omba upunguziwe bei au uweke hesabu ya fundi wa viti.