Kukariri neno kwa neno hakuondoi woga

Wengi wanaowasilisha mada ya kiufundi kwa mara ya kwanza huamini kwamba wakikariri hotuba nzima, woga utaisha. Mara nyingi huwa kinyume: kila sentensi hutegemea iliyotangulia, hivyo neno moja likipotea, yote yaliyobaki hupotea nalo. Kariri sentensi mbili tatu za mwanzo tu, pale moyo unapodunda zaidi. Kwingine, jua hoja moja ya kila slaidi, uieleze kwa maneno yako.

Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, ukipima muda. Kusoma kimyakimya hakuhesabiki. Ukipewa dakika 20, andaa za 16, maana maswali hula muda. Na kama utaonyesha programu mubashara, rekodi video ya akiba mapema: intaneti haina huruma.