Oksijeni haijamuua baba yako: maswali mnayoniuliza mlangoni kwa ICU

Mimi ni nesi wa ICU, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana, na haya maswali huwa nayajibu nimeshika mlango kwa mkono mmoja huku sikio liko ndani kwenye kengele za mashine, kwa hiyo najibu kwa kifupi na ndugu wanaondoka wamenuna. Leo nimekaa, nayajibu yote.

Swali: ICU ni nini hasa?

Ni wodi ya wagonjwa mahututi, yani mtu ambaye mapafu, moyo, figo au ubongo umeanza kushindwa kazi na anahitaji kuangaliwa dakika kwa dakika. Nesi mmoja anakuwa na mgonjwa mmoja au wawili tu. Basi. Hakuna dawa ya siri iliyofichwa kule ndani. Hata ilivyoanza ilianza na mikono: mwaka 1952 Copenhagen kulikuwa na mlipuko wa polio, watu misuli ya kupumulia inapooza, mashine zilizokuwepo zinahesabika, daktari wa usingizi anaitwa Björn Ibsen akasema tutoboe shingoni, tupitishe mpira kwenye koo la hewa, tusukume hewa kwa kubinya mfuko. Wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu wanabinya mifuko usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kabla ya hapo waliopooza kupumua walikuwa wanakufa zaidi ya 8 kati ya 10, baadae vifo vikashuka chini ya nusu.

Swali: Ni kweli mtu akishawekewa oksijeni ndo basi tena?

Hapana.

Narudia maana najua kuna mtu amesoma hiyo "hapana" na bado haamini: hapana, oksijeni haiui. Unachokiona wewe ni kwamba jirani alipelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, akafa kesho yake, na ukahesabu kuanzia kwenye oksijeni. Mimi nahesabu kuanzia siku nne nyuma alipoanza kuhema akiwa amekaa kwenye kiti, akawa halali chali, akawa anakata maneno katikati ya sentensi, na nyumbani wanasema ni uchovu. Kilichomuua ni hizo siku nne. Oksijeni ilimkuta mlangoni anaondoka.

Kuna mzee mmoja nilikuwa naye, oksijeni kwenye damu inasoma asilimia 92 akiwa na maski, amelala vizuri tu. Kijana wake akaingia kumuona, akaivua maski ili baba aongee na shangazi kwenye simu. Mimi niko kitanda cha pili. Nasikia kengele, nageuka, namba inasoma 88, nikiwa natembea 81, nafika 74 na midomo imebadilika rangi, na kijana ananiambia, "Sista, hii mashine inampigia kelele inamchosha, ndo maana nimemtolea." Nikamrudishia maski, tukasimama wote wawili tunaangalia namba ikipanda, ilichukua dakika kadhaa, na yule kijana tangu siku hiyo hakugusa tena kitu. Natamani kila ndugu angeiona ile namba ikishuka.

Kitu kimoja cha kweli nikiseme ili msije mkanishika uongo: oksijeni ni dawa na ina dozi. Mtu ambaye mapafu yamechakaa kwa sigara miaka mingi, tunalenga oksijeni ya damu asilimia 88 hadi 92, hatumfungulii tu mpaka mwisho. Ndo maana tunaizungusha zungusha ile koki. Anayeizungusha ni mhudumu, sio binamu.

Swali: Na ile mashine kubwa ya kupumulia, si inaharibu mapafu?

Ikiendeshwa vibaya, ndio inaharibu, na hilo halikugunduliwa na uvumi, limegunduliwa na utafiti. Mwaka 2000 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojaa maji na uvimbe, nusu mashine inawasukumia hewa mililita 12 kwa kila kilo kama ilivyokuwa mazoea, nusu wanapewa 6 tu. Waliopewa hewa nyingi walikufa karibu asilimia 40, waliopewa kidogo 31. Kupunguza hewa tu!

Na hizo kilo sio za kwenye mzani, zinapigwa hesabu kutoka kwenye urefu, kwa sababu mapafu yanafuata urefu wa mtu, hayafuati kitambi. Ndo maana mnatuona tunampima baba yenu kwa futi kamba kutoka kichwani hadi kisiginoni na nyie dirishani mnaanza kulia mkidhani tumeshampigia fundi seremala. Jamani tunapima mapafu.

Swali: Mbona mmemlaza kifudifudi kama mtoto?

Kwa sababu sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni, na akilala chali muda mrefu inabanwa. Utafiti wa Ufaransa na Hispania uliotoka 2013, wagonjwa 466 wenye hali mbaya kabisa walio kwenye mashine, waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo walikufa asilimia 16 ndani ya siku 28, waliobaki chali karibu 33. Kumgeuza ni kazi ya watu wanne watano, mmoja kazi yake ni kushika ule mpira wa mdomoni tu. Usisome hapa ukaenda kumlaza mtu kifudifudi nyumbani badala ya kumleta.

Swali: Tunasikia mnawafanyia wagonjwa majaribio. Kweli?

Utafiti upo, na unapita kwanza kwenye kamati ya maadili, halafu mgonjwa au ndugu anaombwa ridhaa, na akikataa anatibiwa vilevile. Ila nataka mjue kwa nini tunauhitaji. Miaka mingi kila mtu, mimi nikiwemo, aliamini mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu mbovu anatakiwa apigwe dripu nyingi haraka haraka. Ukafanyika utafiti mkubwa Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141, matokeo yakatoka 2011, na waliopigwa dripu ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama asilimia 10.5, wale waliopewa maji taratibu 7.3. Watu wakasema labda ni watoto tu. Zambia wakafanya utafiti kwa watu wazima 212 wenye sepsisi (maambukizi yaliyofanya viungo vya mwili vianze kuzima) na presha imeshuka, wakachapisha 2017: waliofuata utaratibu wa dripu nyingi walikufa asilimia 48, huduma ya kawaida 33.

Kwa hiyo ukija unanigombeza "mbona hamumwekei dripu, mnamuacha tu", ujue kuna sababu. (Mtoto anayeharisha hadi amekauka ni habari nyingine kabisa, hakuwepo kwenye ule utafiti, huyo anahitaji maji na anayahitaji sasa hivi.)

Mfano mwingine ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya mwili. Mwaka 2020, wakati wa korona, utafiti wa RECOVERY Uingereza ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 29 wakipewa hiyo dawa. Ila kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia kitu. Watu walisikia nusu ya kwanza wakakimbilia dukani kuibwia wakiwa na mafua, sukari zikapanda, na wengine tukawapokea sisi.

Swali: Hali imebadilika usiku. Tusubiri asubuhi?

HAPANA. Hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya.

Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi unaanza kujiumiza wenyewe, viungo vinaanza kuzima. Inaweza kuanzia kwenye nimonia, mkojo, kidonda, tumbo, uzazi. Makadirio ya mwaka 2017 ni vifo milioni 11 duniani, kifo kimoja kati ya vitano. Na watafiti waliofuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 ambao presha ilikuwa imeshaanguka kwa sababu ya sepsisi, wakachapisha 2006, walikuta kila saa moja ya kuchelewa antibayotiki sahihi, nafasi ya kupona ilipungua kwa karibu asilimia 8. Saa moja. Sasa mgonjwa wako kabadilika saa tatu usiku, wewe unasubiri saa moja asubuhi, hesabu mwenyewe hizo ni saa ngapi.

Usisubiri ukiona mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika (angalia saa, hesabu dakika nzima, usikadirie), anashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, anaongea visivyoeleweka au amekuwa na usingizi usio wa kawaida, hajakojoa tangu asubuhi, mikono na miguu ya baridi, midomo au ulimi umeenda rangi ya bluu au kijivu. Mtoto: kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, hanyonyi, degedege, amelegea haamki vizuri. Na msiniambie "lakini hana homa". Mzee mwenye sepsisi anaweza kuwa wa baridi kabisa. Kutokuwa na homa sio ruhusa ya kusubiri.

Swali: Lakini tulishampa dawa za duka la dawa, si zingemsaidia kwanza?

Vidonge vitatu vya antibayotiki vilivyobaki kwenye droo tangu mwaka juzi? Mlipoteza siku tatu na mkanichanganyia vipimo. Kama mlishampa basi njoeni na pakiti zote, hata zilizo tupu, na mseme ukweli hata kama kuna dawa za mitishamba, sitawagombeza. Nitawagombeza kidogo.

Swali: Kwa nini mnamwamsha na kumkalisha wakati anaumwa hivyo, si mumwache apumzike?

Kwa sababu usingizi wa dawa sio mapumziko. Chicago mwaka 2000 wagonjwa 128 walio kwenye mashine walilinganishwa, waliokuwa wanasimamishiwa dawa za usingizi kila siku hadi waamke walitoka kwenye mashine baada ya kama siku 5, wengine 7 na kidogo. Mwaka 2009 wakaongeza mazoezi tangu siku za mwanzo, na kati ya walioanza mazoezi mapema, waliotoka hospitali wanajihudumia wenyewe walikuwa asilimia 59, kati ya wale wengine 35. Kwa hiyo tukimkalisha mnyooshee mkono, muiteni jina, mwambieni leo ni siku gani, mleteeni miwani yake. Atakapotoka atakuwa dhaifu, anaweza kuota ndoto za ajabu, anasahau sahau, hiyo inaweza kuchukua miezi na hajarogwa.

Swali: Tumeambiwa ICU hakuna kitanda. Turudi naye nyumbani?

Msirudi naye. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2025 ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya 8 waliolazwa hospitali ni mahututi, na wengi wao walikuwa wodi za kawaida, na zaidi ya nusu ya mahututi hao hawakupata vitu vya msingi walivyohitaji, kama oksijeni. Yani vinavyokosekana mara nyingi sio mashine za ajabu. Oksijeni ya wodini ni oksijeni ileile. Ikubalini.

Swali: Daktari anataka kumhamishia ICU, sisi tunataka kwanza kikao cha familia, mjomba yuko safarini.

Ulizeni mnachotaka, ni haki yenu. Muulizeni daktari anategemea nini, maana kuna mgonjwa ambaye ugonjwa umefika mwisho na ICU haitamsaidia, na daktari mzuri atawaambia hivyo wazi. Kaeni kikao. Lakini maski ibaki usoni mnapojadili, kikao kifanyike nje ya wodi, na mniachie namba ya yule mwenye kuamua, awe ni mtu mmoja, na asizime simu.