Bangi ni dawa? Twende taratibu, maneno yamechanganywa sana

Jirani yangu ana mtoto wa miaka minne mwenye kifafa. Juzi kati hapa shemeji yake anayeishi Marekani kaja likizo, kamletea kichupa cha mafuta chenye kile kidude cha kudondoshea, kimechorwa lile jani tunalolijua wote, pembeni kimeandikwa CBD 300 mg. Mama wa watu akaja nacho kwangu usiku kakiviringisha kwenye kanga utadhani kabeba bastola, anauliza mambo mawili tu: mtoto atalewa? na polisi wakikikuta je? Mimi si daktari, nilikaa kaunta ya duka la dawa miaka kadhaa basi, ila haya maswali nimeyasikia sana, nikamwambia keti dada tuanze mwanzo.

La kwanza ambalo watu wengi wanalikosea ni kudhani bangi ni kitu kimoja. Ndani ya ule mmea kuna kemikali zaidi ya mia, lakini zinazotajwatajwa ni mbili. THC ndo inayolevya, ilitambuliwa vizuri Israeli mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. CBD haimpandishi mtu stimu, na hii ndo imeonekana kusaidia baadhi ya aina za kifafa. Kwa hiyo mtu akikwambia "bangi inatibu kifafa" muulize, ipi humo ndani?

Sasa watu wanasema hayo ni maneno ya wavutaji tu wanatafuta kisingizio. Hapana, hapo nao wamekosea. Kuna dawa kabisa inaitwa Epidiolex, ni CBD iliyosafishwa, Marekani waliipitisha Juni 2018 kwa watoto wenye vifafa viwili vigumu sana, Dravet na Lennox-Gastaut, vile ambavyo mtoto anaanguka hata akiwa kwenye dawa tatu kwa mpigo. Kwenye utafiti wa Dravet uliotoka 2017, waliopewa CBD degedege kubwa zilishuka kutoka kama 12 kwa mwezi mpaka kama 6, wenzao waliopewa dawa feki ya kulinganishia tu walibaki kwenye 14 hivi. Ni nafuu kubwa hiyo kwa mzazi asiyelala, ila angalia vizuri, wengi hawakupona, walipungukiwa. Na ni vifafa vya aina fulani, si kila kifafa.

Tukapiga hesabu mezani pale. Dawa hiyo inapimwa kwa uzito, na kiwango cha kawaida baada ya kuanza kidogokidogo ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku. Mtoto wake ana kilo 15, ina maana miligramu 150 kila siku. Kichupa kizima kina 300. Akaniangalia. "Siku mbili?" Siku mbili dada. Na hapo tunaamini kilichoandikwa ndo kilichomo, maana 2017 watafiti Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, zilizokuwa na kiwango kinacholingana na lebo hazikufika hata theluthi, na 18 zilikuwa na THC ndani, yaani ile ya kulevya, unampa mtoto.

Ndo maana napata hasira nikisikia mtu anamshauri mzazi "chemsha majani kidogo, changanya na uji". Kwanza hizi kemikali hazipatani na maji, zinayeyuka kwenye mafuta (hata Epidiolex yenyewe imechanganywa kwenye mafuta ya ufuta), kwa hiyo ukichemsha hujui nini kimetoka na nini kimebaki kwenye majani. Pili, bangi ya mtaani inalimwa ilevye, imejaa THC. Mtoto akilala mchana kutwa mnasema dawa imemkubali, kumbe kalewa.

Halafu lile la "ni mmea wa asili, hauna madhara". Nilimuuliza mtoto anatumia dawa gani, akasema valproeti, ile sirapu. Sasa CBD ukiichanganya na valproeti, vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda (dalili kwamba ini linaumia), mpaka daktari anatakiwa apime damu kabla na baada ya kuanza. Inagombana pia na warfarini ya kuyeyusha damu. Na kibaya kuliko vyote ni mzazi kukatisha dawa ya kifafa ghafla kwa sababu kapata mafuta ya Ulaya, hapo mtoto anaweza kupata degedege lisilokatika, na hilo linaua.

Kansa nayo. Nadhani hakuna uongo uliosambaa kama huu wa kwamba mafuta ya bangi yanaua kansa na makampuni yanaficha. Ukweli ni kwamba seli za kansa zimekufa kwenye vyombo vya maabara na kwa panya, lakini kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba inaponya uvimbe. Inachosaidia ni pembeni: kichefuchefu cha kemotherapi. Marekani wana vidonge vya dronabinoli, THC ya kutengenezwa maabara, tangu 1985, na 1992 vikaruhusiwa kwa wagonjwa wa UKIMWI waliopoteza hamu ya kula. Cha ajabu, wanaovuta sana kwa miaka mingi baadhi wanapata ugonjwa wa kutapika usiokoma, wanapata nafuu wakioga maji ya moto tu mpaka waache kuvuta. Dawa ya kuzuia kutapika inakutapisha, yote ni kipimo.

Maumivu ya kansa ndo kabisa usiende kijiweni. Tuna mofini ya maji, inafanya kazi, ni bei nafuu, Uganda wanaitumia tangu shirika la kuhudumia wagonjwa mahututi la Hospice Africa lilipoanzishwa 1993, na hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar wanaijua vizuri. Mofini asili yake ni afyuni, mbona hakuna anayemwambia bibi yake avute afyuni?

Presha ya macho nipite haraka. THC inashusha kweli, kwa saa tatu nne, halafu inarudi. Ungehitaji kulewa usiku na mchana ili ulilinde jicho, na matone ya kawaida yapo.

Wanaoipinga bangi nao wana chumvi zao. "Ukivuta mara moja unakuwa chizi." Siyo hivyo, ila hatari ipo kweli, hasa kwa anayeanza akiwa kijana mdogo, anayetumia kali kila siku, au ambaye ukoo una historia ya magonjwa ya akili. Na ile "haina uraibu" ya wanaoitetea ni uongo pia, makadirio ya siku nyingi ni kama mtu 1 kati ya 10 wanaotumia.

Swali la polisi sasa. Desemba 2020 kule Vienna, Umoja wa Mataifa walipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye kundi la nne la mkataba wa 1961, lile la vitu vibaya kabisa visivyo na faida kwa tiba. Mitandaoni ikawa "UN wamehalalisha". Hawakuhalalisha, imebaki kundi la kwanza, inadhibitiwa pamoja na mofini. Rwanda 2021 waliweka utaratibu wa kulima bangi ya dawa ya kuuza nje, mtu akikamatwa na msokoto Kigali bado ana kesi. Na hapa kwetu Tanzania, kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, hakuna mlango wa mgonjwa kukaa na bangi yake kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo nikamwambia ukweli, kile kichupa kisizunguke kwenye mkoba, na kisiingie mdomoni mwa mtoto.

Nilichomwomba ni kimoja, arudi kliniki akiwa na daftari la siku mtoto alizoanguka, na aombe wampime uzito upya. Alirudi Alhamisi. Dozi ya valproeti ilikuwa ya tangu mtoto ana kilo 11, hakuna aliyekumbuka kwamba ameongezeka. Wameipandisha.