Soketi iko sebuleni, chungu kiko jikoni: usawa wa kijinsia katika miradi ya umeme vijijini

Kwa hesabu za Serikali, vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na umeme. Kazi kubwa iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo jumla yake ni 64,359. Ada ya kuunganishwa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ni shilingi 27,000, awe mwombaji mwanamume au mwanamke. Ukisoma karatasi hizo unaweza kudhani suala la usawa limekwisha. Ila ingia kwenye nyumba iliyounganishwa mwaka jana, saa moja jioni. Sebuleni taa inawaka, redio inasema, simu tatu ziko kwenye chaji. Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kupikia, mama amewasha kibatari, au ameegemeza simu kwenye kopo ili tochi yake imulike sufuria, na anasonga ugali juu ya mafiga huku macho yakimtoka machozi kwa moshi. Umeme umefika kwenye nyumba, jikoni bado.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Yametokea kwa sababu ya maamuzi madogo ya mwanzoni: nani aliitwa kwenye mkutano, jina la nani liliandikwa kwenye fomu, nyaya zilipita wapi, laini ni ya njia moja au njia tatu (fezi moja au fezi tatu), transfoma ni ya ukubwa gani. Mradi ukishakabidhiwa, semina ya akina mama haiwezi kuhamisha nguzo wala kubadilisha transfoma. Ndiyo maana makala haya yanahusu zaidi hatua ambazo nguzo bado haijasimikwa.

Mkutano, fomu na jina

Mkutano wa kutambulisha mradi ukiitishwa saa nne asubuhi, wanawake wengi wako kisimani, shambani au sokoni. Watakaofika watakaa nyuma na kusikiliza. Saa tisa alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimeliwa na cha jioni hakijaanza, mahudhurio hubadilika. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, lakini kuwa mjumbe hakutoshi kukufanya usemee soketi ya jikoni mbele ya wakwe zako. Mpimaji anayejua kazi yake hufanya kikao cha pili na wanawake peke yao, hata nusu saa tu, kwa mfano siku ambayo kikundi chao cha kuweka na kukopa (VICOBA) kinakutana. Maswali yawe ya vitu: jiko liko ndani au nje? Unapika na nini, na mara ngapi kwa siku? Unasaga wapi, na ni mwendo gani? Biashara gani ungeanzisha kama ungekuwa na umeme? Majibu yaandikwe kwenye daftari la upimaji lile lile linaloandikwa idadi ya nguzo, kwa sababu daftari la pembeni mchoraji wa mradi halioni.

Halafu kuna fomu. Maombi ya umeme siku hizi hupitia mfumo wa Nikonekt wa shirika la umeme, TANESCO, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inahitajika. Mjane anayeishi kwenye nyumba iliyoandikwa jina la marehemu, au mke ambaye mumewe yuko mgodini, anaweza kukwama hapo wakati wakandarasi wako kitongojini kwake. Wakishaondoka, kumrudia mtu mmoja ni gharama nyingine. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuzuia hili: miezi miwili kabla, apitie orodha ya kaya, aweke alama kwenye zinazoongozwa na wanawake, na ofisi ya kijiji iwaandalie barua za utambulisho kabla mkandarasi hajafika.

Zipo pia laini kubwa za kusafirisha umeme, ambako fidia hulipwa kwa ardhi na mazao. Tatizo la kawaida ni kwamba mazao ya kudumu huhesabiwa kwa jina la baba, na bustani ya mboga anayoilima mama haitajwi kabisa, ilhali ndiyo iliyokuwa ikimpa fedha ya chumvi na daftari za watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi mmoja kuitoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi wenza wote wawili wawepo siku ya uthamini, wote wasaini, na kila mmoja abaki na nakala.

Ada ya kuunganishwa ikiwa ndogo, kinachobana ni gharama ya kusuka nyaya ndani ya nyumba. Laos ilikutana na jambo hili mapema. Nguzo zilifika vijijini, lakini kaya maskini zilibaki gizani chini ya nyaya. Mwaka 2008 walijaribu mpango wa mkopo usio na riba wa kulipia uunganishaji na nyaya za ndani, unaorejeshwa kidogo kidogo, na kaya zinazoongozwa na wanawake zikapewa kipaumbele. Katika vijiji vya majaribio, kaya hizo zilizounganishwa zilipanda kutoka asilimia 63 hadi 90. Umeme ulikuwa ule ule na nguzo zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Hapa kwetu kaya isiyo na uwezo wa kusuka nyaya huweza kufungiwa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye taa, soketi na vikata umeme ndani ya boksi moja. Ni kifaa kizuri sana kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili. Muhimu ni ukuta kitakapofungwa. Fundi akiachiwa mwenyewe atakiweka sebuleni, karibu na mlango wa mbele ambako waya wa kutoka kwenye nguzo unaingilia. Mwambie mapema akifunge ukuta unaotazamana na jiko, ili waya wa kwenda kwenye kibanda uwe mfupi.

Kupeleka umeme kwenye jiko la nje si kazi ya kuunga waya wa simu. Kwa taa peke yake, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Kama kutakuwa na soketi ya kupikia, tumia waya wa 2.5 wenye nyuzi tatu, ndani ya bomba, uwe na kikata umeme chake peke yake. Soketi ikae juu, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, mbali na mafiga na ndoo za maji. Sakafu ya jikoni huwa na unyevu na mpikaji mara nyingi yuko peku, kwa hiyo fimbo ya ardhini na swichi inayokata umeme unapovuja (ya miliampia 30) ni lazima, hata kama fundi atasema zinaongeza bei. Kinachochoma majiko mengi ni waya mwembamba wa soketi za kuhamisha unaouzwa dukani: unachomekewa jiko, pasi na chaja kwa pamoja, unapata moto ndani ya ganda lake, na mtu anagundua plastiki inanuka.

Kupikia umeme, na hesabu ya uniti 75

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Zaidi ya gesi, umeme wenyewe ni njia, na watu wengi huuogopa kwa sababu wanakumbuka jiko la koili la wati 2,000. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Lina wati 1,000, linachemka, kisha linajizima na kuwaka lenyewe kushikilia joto. Sufuria ya maharage ya nusu kilo hula takriban theluthi moja ya uniti.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Mteja wa daraja la D1, anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo inafika 122. Akizidi, anahamia daraja la T1: shilingi 292, na kwa kodi na tozo takriban 356. Chukua kaya yenye taa nne za wati 7 zinazowaka saa tano, uniti 4 kwa mwezi. Televisheni, uniti 7 au 8. Simu, uniti moja. Kupika chakula cha kila siku kwa jiko la presha, tuseme uniti 35. Jumla haizidi 50, na gharama ni kama shilingi 6,000. Ongeza friji inayokula uniti moja kwa siku: jumla inafika 78 hivi, na akishahamishiwa T1 gharama inakaribia shilingi 28,000. Karibu mara tano, kwa ongezeko la uniti 30.

Angalia kinachofuata nyumbani. Baba anaona LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakwisha haraka, anatafuta mwizi, na jiko ndilo linaloonekana kwa kuwa ni jipya. Jiko linafungiwa kabatini, mama anarudi kwenye kuni, friji inaendelea. Anayetoa elimu ya kupikia umeme bila kufanya hesabu hii mbele ya mume na mke pamoja anamwachia mama ugomvi.

Kwamba jiko ndilo linalobadilisha maisha ya mwanamke si maneno ya kufurahisha tu. Utafiti wa Taylor Dinkelman kuhusu KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa umeme ulipofika vijijini, ajira ya wanawake ilipanda kwa takriban pointi 9 za asilimia, na moja ya sababu ni kwamba kaya zilihama kutoka kuni kwenda kupikia umeme, zikapata muda.

Transfoma na mashine ya kusaga

Tuseme kitongoji kina kaya 60 na transfoma ya kVA 50, ambayo kwa matumizi ya kawaida inabeba kama kilowati 45. Saa moja jioni, kaya 30 zinapika kwa jiko la wati 1,000: kilowati 30. Taa na televisheni za kaya zote, kilowati 6. Mashine ya kusaga yenye mota ya nguvu za farasi 20 ikiwa inafanya kazi, kilowati 15 na zaidi. Umeshapita uwezo. Volti zinashuka, na nyumba za mwisho wa laini zinapata 180 badala ya 230. Nguvu ya jiko hushuka kwa mraba wa volti, hivyo linabaki na asilimia 61 tu. Maharage hayaivi, na mpikaji anasema jiko ni bovu. Tatizo hili ni la daftari la upimaji: hakuna aliyeuliza watu watapika na nini, mchoraji akahesabu taa peke yake. Wakati mwingine hata transfoma inatosha, ila kaya nyingi zimeunganishwa kwenye fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme, na nyingine mbili ziko tupu. Hilo fundi wa TANESCO analisawazisha bila gharama kubwa, akipewa taarifa.

Na mashine yenyewe? Mota ya ukubwa huo inataka umeme wa njia tatu. Laini ya njia moja ni nafuu kujenga, kwa hiyo kitongoji kikipelekewa hiyo, mashine inabaki ya dizeli, na mama anaendelea kubeba debe la mahindi kichwani hadi kijiji cha jirani. Kikundi cha wanawake kinachotaka kumiliki mashine kiseme mapema, kabla ya mchoro, na kianze kuomba mkopo wa halmashauri: asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kwenye bajeti wasisahau kifaa cha kulinda mota fezi moja inapokatika. Mota ikiendelea kuzunguka kwa fezi mbili, koili huungua kwa dakika chache, na kuisuka upya kunaweza kumeza faida ya miezi.

Nchi ya Mali ilijaribu umiliki wa namna hii tangu miaka ya 1990: injini ndogo ya dizeli inayosaga, kukoboa na kuchaji betri, kwa sharti kwamba chama cha wanawake ndicho kiombe na ndicho kimiliki. Sharti hilo lilikuwa na maana. Ila palipokosekana fundi wa karibu na vipuri, mashine ilisimama, haijalishi nani alikuwa mwenye nayo.

Kwa hiyo mafundi. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) za mwaka 2019, wanawake walikuwa asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani, na katika kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati 28. Unguja, katika chuo cha Barefoot kilichopo Kinyasini, wanawake wa vijijini ambao wengi hawakumaliza shule hufunzwa kufunga na kutengeneza sola kwa miezi kadhaa. Uwezo wao hauna ubishi. Linalowaangusha wengi ni yanayotokea baada ya mafunzo: kaya haziweki mchango wa matengenezo, fundi anaitwa usiku na kushukuriwa kwa maneno, vipuri viko mjini. Mwaka mmoja, ameacha. Kijiji kikubali kiasi cha malipo yake kwa mwezi kabla hajapanda gari kwenda chuoni. Na mkandarasi wa laini, akiambiwa aajiri wanawake, mkataba utaje na choo chao, mikanda ya kupandia nguzo ya saizi zao, na namba ya simu ya mtu asiye msimamizi wa eneo, ya kupokea malalamiko ya kudaiwa rushwa ya ngono.

Miezi mitatu baada ya umeme kuwaka, rudi kwenye kaya kumi, mchana, baba akiwa hayupo. Omba kuona jiko. Kisha uliza ni nani anayejua namba ya mita ya LUKU. Katika nyumba nyingi iko kwenye simu ya baba peke yake, na akisafiri, uniti zikiisha, familia inarudi kwenye kibatari huku mama ana fedha mkononi. Chukua kalamu ya wino mzito, iandike namba hiyo ukutani, kando ya mlango wa jikoni.