Wekundu si ujana: dhana potofu kuhusu nyota changa kwenye mawingu meusi

Dhana: Nyota nyekundu kwenye picha ya infraredi ni nyota changa.

Hii ndiyo hairudi nyuma hata ikikanushwa vipi. Mtu anaunganisha picha za vichujio vitatu vya infraredi, J, H na Ks (kutoka mawimbi mafupi hadi marefu), za Rho Ophiuchi, wingu la vumbi linamozaliwa nyota, anazungushia duara kila nukta nyekundu, kisha anahesabu "nyota changa". Hapana! Vumbi hukata mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu, kwa hiyo nyota yoyote iliyo nyuma yake itaonekana nyekundu. Wingu lile liko umbali wa miakanuru 450 hivi, na nyuma yake yamejaa majitu mekundu, yaani nyota kubwa zilizozeeka, ya galaksi yetu.

Piga hesabu. Mng'ao hupimwa kwa magnitudi, na namba kubwa ni nyota hafifu; J–H ni magnitudi ya J kutoa ya H, na ikiwa kubwa nyota ni nyekundu zaidi. Jitu la kawaida lina J–H ya 0.7 na H–Ks ya 0.15 hivi. Liweke nyuma ya vumbi linalopunguza mwanga wa kawaida (unaoonekana kwa macho) kwa magnitudi 16: H–Ks inaongezeka kwa 1 na J–H kwa 1.7. Sasa ni jekundu kuliko nyota changa nyingi za kweli, ilhali ni zee la mabilioni ya miaka.

Chora grafu, J–H wima na H–Ks mlalo. Vumbi husogeza nyota juu kwa 1.7 kila inaposogea kulia kwa 1. Chora mstari wa mwinuko huo kutoka kwa majitu, na mwingine kutoka kwa vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zisizo na joto kali. Kilicho kati ya mistari hiyo kinaelezeka kwa vumbi peke yake. Nyota ya kushukiwa kuwa changa ni iliyo kulia kwa mistari yote miwili, kwa sababu huenda diski yake ya vumbi yenye joto imeongeza mwanga wa Ks. Dai ziada hiyo iwe angalau mara tatu ya kosa la kipimo: kosa la 0.1 kwenye kila kichujio huzaa 0.14 katika H–Ks, na hilo linatosha kuvusha nyota mstari.

Kwa nyota ndogo sana hata hiyo haitoshi, maana diski zake huongeza kidogo mno kwenye Ks. Tumia vipimo vya darubini ya anga ya Spitzer, mikromita 3.6 hadi 24. Vya WISE, darubini nyingine ya anga, vinafaa pia, lakini kwenye mikromita 22 darubini hiyo haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko sekunde 12 za tao, na hapo mng'ao wa wingu hupimwa kama nyota. Galaksi za mbali zenye vumbi nazo zina rangi hizohizo. Nyingi hutambulika na kuondolewa kwa kuwa ni hafifu mno. Baada ya yote, pata spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, ili kuthibitisha.

Dhana: Nyota isiyo na ziada ya infraredi si changa. Diski nyingi huisha ndani ya miaka milioni chache. Nyota hizo zitafute kwa eksirei, na kwa mwendo uliopimwa na chombo cha Gaia pale vumbi linaporuhusu.

Dhana: Infraredi hupenya vumbi lote. Ks hupoteza takriban sehemu moja ya tisa ya magnitudi za mwanga wa kawaida. Penye vumbi la magnitudi 50 za mwanga wa kawaida, nyota inafifia zaidi ya mara 150 hata kwenye Ks.

Dhana: Mng'ao wa anga la nyuma huondolewa kwenye picha kwa kutumia picha zilezile za wingu. Penye mng'ao mpana utalifuta wingu lenyewe na kuacha mashimo meusi kando ya nyota. Elekeza darubini nje ya wingu, penye anga safi, na urudie kila baada ya dakika chache, kwa kuwa mng'ao wa angahewa kwenye H hubadilika haraka.