Kemba inalaumiwa, tou ndiyo inayokula tairi

"Fundi, tairi za nyuma zinaisha kwa ndani, nifungie amu za kemba." Mwenye Subaru Impreza iliyoshushwa akifika gereji, nasikia hivyo karibu kila mara, na mara nyingi amu zenyewe anazo tayari kwenye buti. Sina ugomvi na amu, yaani vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi, ndizo zinazoniweka mjini. Ila kabla ya kushika spana napima tou kwanza. Kemba ni tairi kuinama ukilitazama kwa nyuma; ikiwa hasi, kichwa cha tairi, yaani juu yake, kimeingia ndani. Tou ni tairi kutazama ndani au nje badala ya kunyooka na safari.

Niseme mapema nazungumzia gari gani, maana hapa ndipo watu wanaponunua spea isiyowafaa. Impreza ya GH na Forester ya SH (hizo herufi ni kodi za toleo), zilizoanza kutoka 2007, nyuma zina amu ya juu na amu za chini. Impreza ya GD na Forester ya SG nyuma zina strati, yaani shokapu ndiyo inayoshika sehemu ya juu, na chini kuna linki mbili za pembeni kwa kila tairi. Kwenye GH ukirefusha amu ya juu, kichwa cha tairi kinatoka nje na kemba hasi inapungua. Kwenye GD ukirefusha zile linki za chini, unasukuma mguu wa tairi nje, kwa hiyo kemba hasi inaongezeka. Mtu anasoma ushauri wa GD, anaufanyia kazi kwenye GH, halafu anashangaa gari linazidi kuinama.

Kwa nini kushusha gari kunaleta kemba hasi? Amu ya juu ni fupi kuliko ya chini. Bodi ikishuka, tairi linapanda ukilinganisha na bodi, na zote mbili zinazunguka kwenye bolti zake za ndani. Ile fupi inachora duara dogo, kwa hiyo inavuta kichwa cha tairi ndani haraka kuliko ya chini inavyovuta mguu. Mbele kwenye strati ni hadithi nyingine. Mwanzoni kemba hasi inaongezeka kidogo, lakini amu ya chini ikishapita usawa na kuanza kutazama juu, inavuta mguu wa tairi ndani na ile kemba inapungua. Ndiyo maana gari lililoshushwa kupita kiasi linaonekana limeinama vizuri likiwa limesimama, halafu kwenye kona pua inateleza. Mbele angalau kiwanda kimekuwekea bolti ya juu ya strati yenye kemu, yaani duara ambalo kitovu chake kiko pembeni, unaizungusha unapata kemba. Nyuma kemba haina pa kurekebishia. Kilichopo ni bolti ya kemu ya tou peke yake.

Sasa hiyo tou. Tairi lililopinda robo digrii tu kutoka kwenye mstari wa safari linaburuzwa kwa ubavu mita 4 na ushei kila kilomita 1. Toka Dar hadi Morogoro, kama kilomita 190, ni zaidi ya mita 800 za kusugua lami. Tairi lenye kemba hasi linabeba uzito zaidi upande wa ndani, kwa hiyo msuguo wote unaishia hapo. Kemba inachagua sehemu itakayoliwa, tou inaamua italiwa kwa kasi gani. Nimeona magari yenye kemba ya hasi digrii 2 yakimaliza tairi bila tatizo kubwa kwa sababu tou ilikuwa sawa. Na ukisoma karatasi ya mashine ya alaimenti, inayopima kemba na tou, angalia kama imeandika dakika: 0°30' ni nusu digrii, si 0.3.

Tatizo la kweli huwa ni ile bolti ya tou kugoma. Magari mengi yametoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara zinamwagiwa chumvi, kisha yanakuja kumalizia maisha kwenye upepo wa bahari. Bolti inashikana na chuma cha ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye kiungo cha amu, na haizunguki. Ukilazimisha, unazungusha bushi nzima mpaka mpira unachanika. Hapo fundi asiye na subira anaandika "imeshindikana" na kukurudishia gari. Mimi naikata, naweka bolti na bushi mpya, napaka grisi. Amu ya kemba kwenye gari ambalo tou yake haigeuki ni hela umetupa, maana ukigusa kemba, tou nayo inahama.

Kuhusu amu zenyewe, angalia ncha kabla hujaangalia rangi. Zipo zenye bushi ya mpira, zipo za poliyurethani, zipo za gololi. Za gololi zinashika vizuri kwenye mbio, lakini kwa vumbi la barabara zetu mchanga unaingia na baada ya muda zinaanza kugonga kama sufuria. Gari la kwenda kazini nalifungia mpira. Halafu angalia hesi, yaani ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Amu nzuri ina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande mwingine, kwa hiyo unairefusha ikiwa kwenye gari bila kufungua bolti. Umbali kati ya mkato na mkato wa hesi ukiwa milimita 1.5, kila mzunguko mzima unaongeza milimita 3. Usirefushe mpaka hesi iliyobaki ndani iwe fupi kuliko unene wa bolti yenyewe. Hapo amu imekuwa hatari.

Kabla ya kufunga, naweka amu mpya kando ya ile ya zamani na kuzilinganisha tundu kwa tundu, kushoto na kulia sawasawa. Huo ndio mwanzo, kisha unasogeza. Kama umbali wa wima kati ya kiungo cha juu na cha chini ni milimita 400, digrii 1 ni karibu milimita 7 za urefu wa amu. Kwa hiyo ukijikuta umezungusha sana na namba haijafika, tafuta bushi iliyokufa au amu iliyopinda.

Kwenye kukaza bolti ndipo kazi nyingi zinaharibika. Gari likiwa juu ya jeki na tairi zinaning'inia, usikaze bolti za bushi za mpira. Mpira umegandishwa kwenye chuma. Ukikaza hapo, gari likishuka chini bushi inakaa imejipinda muda wote na haitamaliza mwaka. Shusha gari, au beba amu ya chini kwa jeki mpaka kimo cha kawaida, ndipo ukaze. Angalia waya wa ABS na bomba la breki havivutwi wala havigusi amu. Kisha upepo wa tairi uwe sawa, tikisa bodi, sogeza gari mbele mita kadhaa, ndipo upime. Kemba kwanza, tou mwisho, kaza nati za kufunga, rudia kupima, maana nati yenyewe ikikazwa inaweza kuizungusha amu. Napiga mstari wa rangi kwenye nati na amu ili nione kama imelegea.

Namba ninazopenda kwa gari la mjini: kemba ya nyuma hasi 1 hadi hasi 1.5, tou sifuri au ndani kidogo sana. Usiikimbize kemba mpaka sifuri. Kichwa cha tairi kinatoka nje unaporefusha amu, na kwenye gari lililoshuka lenye rimu pana kitakutana na madigadi kwenye tuta la kwanza lenye abiria nyuma.

Na kama umeshusha sentimita 3 tu, ukapima ukakuta hasi 1.6, rudisha hizo amu ulikozinunua. Weka bolti mpya ya tou, piga alaimenti, ukapime tena baada ya wiki mbili springi zikishakaa.