Kinanda kipo, mwalimu anapunga nini?

Imetokea tena Jumapili hii. Misa ya pili imekwisha, mimi mwalimu wa kwaya nakusanya makaratasi ya nota, anakuja baba mmoja anayemwozesha binti yake mwezi ujao. Ananisifu kwanza, kama ilivyo desturi ya mtu anayetaka kukupunguzia bei. Kisha: "Mwalimu, kwenye harusi yetu waje waimbaji na mpiga kinanda, inatosha. Wewe usijisumbue. Si wimbo wanaujua? Ile mikono unayopunga ni kupendezesha tu." Nikamwambia sawa mzee wangu, tutazungumza. Yeye ni mtu mzima na mimi nimelelewa. Lakini maneno hayo nimeyasikia kwa mapadre, kwa wanakwaya wenyewe, hata kwa mke wangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Leo nayajibu kwa maandishi, ili safari ijayo nitume kiungo tu nikanywe chai.

Wimbo wanaujua, ndiyo, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Kila mmoja anaujua kwa namna yake. Sauti ya kwanza wameukariri ulivyorekodiwa na kwaya ya mjini. Besi wanaujua ulivyoimbwa enzi za mwalimu aliyenitangulia, na hawajamsaliti mpaka leo. Kuna kijana wa sauti ya tatu anaujua kutoka kwenye simu yake. Ukiwaachia waanze wenyewe, unapata nyimbo tatu kwa bei ya mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo mpiga kinanda hawezi kulitatua hata awe fundi kiasi gani: sauti inatembea polepole. Hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Spika ikiwa mita 34 kutoka ulipokaa, unachokisikia kimeshatoka sehemu ya kumi ya sekunde iliyopita. Unaona ni kidogo? Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, kwa hiyo umeshachelewa moja ya tano ya pigo kabla hujafungua mdomo. Sauti yako nayo inachukua muda kurudi mbele. Mpiga kinanda anaisikia imechelewa, anapunguza mwendo awasubiri, waumini wa nyuma wanapunguza zaidi, na mkifika ubeti wa tatu wimbo wa shangwe umekuwa wa mazishi. Kwenye makanisa haya mapya, marefu, yenye vigae chini na bati juu, mwangwi unamalizia kilichobaki. Mkono unaonekana papo hapo. Ndiyo maana nawaimbia wanakwaya wangu kila siku: masikio ni ya kupatana toni, mwendo uko machoni. Wananiitikia "ndiyo mwalimu" huku wakitazama karatasi.

Kazi kubwa ya mkono, hata hivyo, inafanyika kabla sauti haijatoka. Wanaoanza kufundisha kwaya hawaamini wakiambiwa. Wanafikiri pigo la kwanza ndilo linaloanzisha wimbo. Wimbo unaanzishwa na pigo la kabla yake, lile la pumzi. Mkono unapopanda, kwaya inavuta hewa, na namna ulivyopanda imeshawaambia lini waingie, kwa mwendo gani, kwa ukubwa gani wa sauti. Ukiupandisha kwa kushtuka, watavuta pumzi ya kushtuka na kuingia wakipiga kelele, hata kama karatasi imeandikwa taratibu. Ukipandisha mkono huku wewe mwenyewe umebana pumzi, nao wanabana. Nimewahi kumtazama mwalimu mmoja akiigombeza sauti ya pili robo saa nzima kwa kuingia vibaya, wakati alikuwa akiwapa pigo la kabla kwa mwendo mmoja na la kwanza kwa mwendo mwingine. Walikuwa wakimtii kabisa.

Basi kuna ugonjwa wa 6/8, yaani wimbo wenye mapigo madogo sita kwa kila kipimo. Nyimbo zetu nyingi za ngoma na kayamba ziko humo, na mwendo ukiwa wa kasi mkono unapiga mawili, basi. Kijana aliyetoka semina juzi atapiga yote sita, kama anayefukuza nzi kwenye bucha, na kwaya inakatika vipande vipande. Mkono mdogo unatosha. Wakati mwingine hauhitajiki kabisa: kiitikio kikishashika na waumini wakakipokea, mimi nashusha mikono na kuwageukia. Hati ya Roma ya mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu, *Musicam Sacram*, inaiwekea kwaya wajibu wa kuwasaidia waumini waimbe. Kuwatumbuiza hakumo. (Wenye kununua sare mpya kila Pasaka waisome.)

Tuje kwenye "kinanda kipo". Kinanda hakipo siku zote. Wakati wa Kwaresima kanuni za Misa zinakiruhusu kisaidie uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Kuanzia baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa mkesha wa Pasaka, kwetu tunakifunga kabisa. Ijumaa Kuu, foleni ya kuabudu Msalaba inafika mlangoni, na kwaya inaimba kavu, bila ala, ubeti baada ya ubeti. Hapo ndipo kwaya iliyolelewa na kinanda inapoumbuka. Unawapa do, nota ya nyumbani ya wimbo, kwenye G. Ubeti wa nne uko F, toni nzima chini, besi wanakoroma, na hakuna aliyesikia mkishuka kwa sababu mmeshuka pamoja.

Vitabu vinasema sababu ni pumzi. Kaza tumbo, simama wima, usiburuze nota inayorudiwarudiwa, mi na ti (nota ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka do) ziimbwe juu kidogo. Nafundisha hivyo na mara nyingi inasaidia. Lakini kwa miaka sasa nina wasiwasi ambao sijaukuta kwenye kitabu chochote cha ualimu wa kwaya nilichopewa.

Gawanya nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, visehemu 100. Mi ya kinanda imesogezwa ili kinanda kiweze kupigwa funguo zote, yaani do iwe kwenye nota yoyote. Mi ya asili, ile inayotulia yenyewe juu ya do watu wakiimba bila ala, iko chini ya hiyo kwa visehemu 14 hivi. Sasa mimi niko Dodoma. Nusu ya wanakwaya wangu ni Wagogo, na uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo hizo za asili, tangu kabla ya kinanda kuja na meli. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliupeleka dunia nzima na hakuna aliyemwambia ameshuka. Mama wa sauti ya pili anapoimba mi yake pale inapotulia, nami namwambia "panda mama, umeshuka", ni nani kati yetu anayesikia vizuri zaidi? Na wimbo ukihamia kwenye nota nyingine huku ukiegemea mi ile, kwaya nzima inaweza kushuka bila mtu yeyote kukosea. Siku ya kinanda namsahihisha, kwa sababu lazima wapatane na kinanda. Siku ya Ijumaa Kuu, siku hizi nanyamaza zaidi. Nawachagulia do ya juu kidogo mwanzoni, ili hata tukishuka besi wasizame. Wapo walimu watakaosema huo ni uvivu. Huenda.

Hilo la kuchagua do nalo watu hawalijui. Tunasoma solfa, yale maandishi ya do re mi, na do ya solfa inahama. Ilienezwa karne ya 19 na mchungaji wa Kiingereza John Curwen, akiiendeleza kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kwa hiyo sisi Wakatoliki tunaimba Misa kwa maandishi ya Waprotestanti na hakuna aliyewahi kulalamika. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi koo bado zimelala, nashusha do. Mpiga kinanda anabonyeza kile kitufe cha kuhamisha funguo, kwa sababu, tuseme ukweli, wengi wao wanajua funguo moja na kitufe.

Kuhusu kusomea: wapo wenye shahada, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha kinafundisha muziki, na Dar es Salaam vilevile. Sisi wengi tulirithishwa. Ulikuwa mwimbaji, ukajua kusoma nota kuliko wenzako, mwalimu akahamishwa kikazi, ukabaki umeshika karatasi. Kazi inayonilisha ni nyingine, naunganisha umeme majumbani. Kwaya inanilipa nauli ikikumbuka. Mabadiliko makubwa katika maisha ya mwalimu wa kwaya ni paroko mpya: mmoja anataka Kilatini, anayemfuata anataka ngoma, wa tatu anataka Misa iishe kwa saa moja na anatazama saa yake ukiwa ubeti wa pili wa matoleo. Unajifunza kuwa na nyimbo za kila paroko kwenye begi.

Na mwanakwaya mmoja mwenye kinyongo anaharibu zaidi ya kumi wasiojua nota. Hilo sitalieleza, kila mwalimu anajua ninamsema nani kwake.

Mzee wangu wa harusi nimemtumia ujumbe kwamba nakuja, bei ni ileile. Akitaka kuona mikono inafanya nini, mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Asiwahi sana, tunaanza saa kumi na mbili na nusu.